Mstari Mweupe Kwenye Jagi

Mlioniandikia kunipa pole, ahsanteni. Mlioniandikia kwamba mwanamke wa baa amepata alichokitafuta, nanyi karibuni, kaeni. Leo mtapata cha kunisemea zaidi.

Kwa aliyechelewa kuingia kwenye safu hii ya gazeti, mimi ndiye yule mama ninayemimina bia ya bomba kwenye baa ya Mzee wa Kofia, huu mwaka wa kumi na tisa. Wateja wananiita Mama Kipimo. Niliwaeleza jinsi mdogo wangu wa kiume, tuliyechangia ziwa, alivyorudi kutoka nje baada ya miaka kumi na moja, akiwa na masanduku mawili na koti la baridi ambalo halivui hata kwenye jua la saa saba. Niliwaeleza jinsi Mzee alivyopooza upande mmoja, na jinsi nilivyopiga magoti kando ya kitanda chake nikasema, "Mzee, mpe mdogo wangu aiendeshe baa. Namdhamini."

Mzee aliniangalia kwa jicho lake zima akasema, "Wewe ukisema, basi."

Sasa sikilizeni shukrani niliyoipata.

Binti yangu mmoja, wa wale pacha, alijifungua. Nikaenda kumtazama siku nne. Nilibeba khanga mbili na sabuni ya mtoto, sikubeba kingine. Ufunguo wa kabati langu la baa niliuacha nyumbani, kwenye msumari wa chumbani, mahali unapolala miaka yote.

Jumatatu asubuhi nikarudi kazini. Mdogo wangu alikuwa amesimama mbele ya kaunta na koti lake, anatabasamu mpaka masikioni. Wateja walikuwa wameshambatiza jina la Mtaalamu, kwa sababu hakuna jambo asilolieleza.

"Dada, fumba macho."

"Mimi ni bibi sasa, usinichezee."

"Fumba tu, dada yangu."

Nikafumba. Nilipofumbua, rafu nzima nyuma ya kaunta ilikuwa inang'aa. Glasi mpya, ndefu, zenye makalio mazito, na kila moja imechorwa kofia nyekundu tumboni.

"Kofia kachora nani?"

"Shemeji. Nani mwingine?"

Shemeji yake ni mume wangu, Baba Pacha. Ni mchora mabango. Nusu ya mabango ya mji huu yametoka mkononi mwake: la kinyozi, la duka la dawa, la shule ya udereva. Hata ubao wetu wa nje, ule ulioandikwa BIA YA BOMBA NUSU LITA, ni yeye. Aliupaka rangi upya mwaka nilioanza kazi hapa. Ilikuwa kazi ya siku moja, akaifanya siku tisa, ili awe karibu yangu. Nilijisikia msichana tena.

Nikafurahi, sitawaficha. Hawa wawili walikuwa hawapatani. Mmoja akiingia sebuleni mwingine anakumbuka ana shughuli uani. Kusikia wamekaa pamoja siku nne wakichora kofia, nikasema moyoni, afadhali, mashemeji wamepatana.

"Za zamani ziko wapi?"

"Zimechoka, dada. Zina mikwaruzo kama magoti ya mtoto. Nimeziondoa."

"Na hizi ni nusu lita?"

Akacheka. "Mimi niseme nini? Pima mwenyewe."

Nikapima. Hapa inabidi mnielewe, maana ndipo mambo yote yalipofungwa.

Mimi nina jagi. Ni la kioo kinene, la lita moja, lina mstari mweupe wa rangi umelizunguka karibu na mdomo, na kwenye mkono wake umefungwa muhuri wa madini ya risasi kwa waya, wa ofisi ya vipimo. Kila asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, natwaa glasi mbili, nazijaza maji mpaka kwenye alama zake, nayamimina kwenye jagi. Maji lazima yafike kwenye mstari mweupe. Yakipungua, glasi hazitumiki. Hata siku tuliyomzika mama nilipita kwanza hapa, nikapima, ndipo nikaenda msibani.

Siyo wazimu. Nyuma ya kaunta kuna fremu yenye picha yangu na jina langu, na chini yake imeandikwa Msimamizi wa Vipimo. Hapa kwetu sheria ya bia ya bomba haimuulizi mwenye baa. Anayemimina ndiye anayejibu.

Basi nikafungua kabati, nikatoa jagi, nikajaza glasi mpya mbili, nikamimina. Maji yakapanda taratibu yakasimama kwenye mstari, hayakuzidi, hayakupungua.

"Umeona?" akasema.

Nikamvuta kichwa nikambusu kwenye paji la uso. Kosa langu la kwanza hilo.

Wiki ya tatu akaja Trela.

Trela ni dereva wa malori makubwa, anavuka mipaka minne kwa safari moja. Akishapaki na kukabidhi funguo, ana siku mbili za kupumzika, na siku ya kwanza huja kwetu mchana kunywa bia mbili. Hanywi ya tatu hata umpigie ngoma. Ni mtu wa maneno machache, kwa hiyo alipoita jina langu kutoka mezani, vichwa viliinuka.

"Mama Kipimo. Bia yangu ina mafunda tisa. Miaka yote ni tisa. Leo imeisha kwenye la saba."

"Koo limepanuka, Trela. Ni vumbi la barabarani."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Sitanii, mama. Hii glasi naijua. Kule ninakopeleka mzigo, baa zote wana hizi hizi, na makalio haya haya. Kule ndiyo bia yao, mililita mia nne. Hakuna anayeibiwa, maana imeandikwa kwenye glasi na kwenye karatasi ya bei. Lakini hapa ubao wenu unasema nusu lita."

Mtaalamu akatoka ofisini na koti lake. Akavuta kiti, akakikalia kinyumenyume.

"Kaka, na mimi nimekaa nje. Nikwambie kitu?"

"Niambie."

"Nchi niliyofikia kwanza, glasi ni ndogo kama ya dawa ya kikohozi. Robo lita haifiki. Unamaliza, mhudumu hakuulizi, anakuwekea nyingine, mpaka uifunike glasi kwa kile kikaratasi cha kuwekea, ndiyo anajua umeshiba. Nikahamia mji mwingine, nchi hiyo hiyo, nikaagiza bia. Nikaletewa lita nzima kwenye kikombe cha kioo chenye mkono. Mama wa makamo amebeba kumi kwa mikono miwili, kifuani, anapita katikati ya watu kama hana kitu. Nilishindwa kukinyanyua."

Watu wakaanza kusogeza viti. Mdogo wangu anajua kuzungumza, siwezi kumnyima hilo.

"Kuna nchi mbili," akaendelea, "lugha moja, zote zinauza bia kwa painti. Painti ya huku inazidi ya kule karibu kikombe cha kahawa. Na kuna nchi nyingine, ukivuka jimbo tu, jina lile lile la glasi linakupa ujazo mwingine. Sasa, kaka, umeshawahi kusikia watu hao wanalia? Wanakunywa. Bia ni bia."

"Hawalii," Trela akasema, "kwa sababu hawajaahidiwa zaidi. Mimi niliahidiwa nusu lita. Na aliyeniahidi ni Mama Kipimo, siyo wewe."

Baa nzima ikanigeukia.

Kama angesema mdogo wangu ni mwizi, ningejitia hamnazo nikafuta kaunta. Lakini alitaja jina langu. Damu ikanipanda, nikafanya kosa ambalo katika mji huu ni mimi peke yangu ningeweza kulifanya. Nilikwenda kabatini nikalitoa jagi.

"Sogeeni," nikasema. "Wote."

Wakasogea, watu kama thelathini. Nikachukua glasi ya Trela mwenyewe, nikaisuuza, nikachukua na nyingine. Nikajaza maji mpaka kwenye alama. Nikamimina ya kwanza, nikamimina ya pili, nikalinyanyua jagi juu ya kichwa changu ili hata wa mlangoni waone. Maji yalikuwa kwenye mstari.

Wakapiga makofi. Mtu akapiga mluzi.

"Na muhuri huu hapa. Ushike, Trela. Wa serikali."

Akaushika. Akaugeuza, akaliangalia jagi muda mrefu. Kisha akavua kofia yake.

"Basi nisamehe, mama. Labda mafunda yangu yameongezeka."

Ningeishia hapo. Mtu ameomba msamaha mbele za watu, unataka nini tena? Lakini nilikuwa nimeshalewa makofi.

"Toka," nikamwambia. "Kanywe huko unakopeleka mizigo. Hapa mzushi hanywi."

Alitoka. Bia yake ya pili aliiacha mezani haijaguswa, povu linazama polepole. Trela, kama gazeti hili linakufikia huko uliko, nilikukosea. Ulikuwa mkweli kuliko wote tuliokuwa mle ndani.

Mdogo wangu akanikumbatia. "Dada, wewe ni mwamba."

Asubuhi yake nikamsimulia Baba Pacha. Alikuwa mbele ya kioo ananyoa ndevu. Siku hizo alikuwa na kituko kipya: akinyoa, anakisalimia kioo kwa lugha ya kigeni. Habari za asubuhi, natokea wapi, naitwa nani, nafurahi kukufahamu. Nilimtania kwamba ana mchumba kwenye kioo. Tena alikuwa amejishonea shati jeupe, amelivaa siku moja tu, kwenda kupiga picha ya kitambulisho.

"Nimemtoa Trela mbele za watu," nikamwambia. "Nililileta jagi hadharani."

Wembe ukasimama shavuni.

"Ulilitoa jagi? Mbele za watu?"

"Watu thelathini."

"Na mstari wakauona?"

"Wakauona vizuri. Nililinyanyua juu."

Akausuuza wembe muda mrefu, ukawa safi, akaendelea kuusuuza.

"Mama Pacha, usilitoetoe lile jagi. Litakuja kuvunjika."

Nikaona ananijali. Nikamletea taulo.

Jumanne iliyofuata, saa tatu asubuhi, akaingia mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba na sanduku la chuma. Akalitua kwenye kaunta, akalifungua, akatoa kopo la shaba lenye mdomo mpana. Nilikuwa napangusa bomba. Mdogo wangu alikuwa mlangoni mwa ofisi na kikombe cha chai.

"Habari za kazi, mama. Natoka ofisi ya vipimo. Kuna mteja amelalamika. Msimamizi ni nani?"

Nikamwonyesha picha yangu ukutani kwa kidole, kifua mbele.

"Ni mimi. Miaka kumi na tisa, sijapewa hata onyo."

"Najua. Nimelisoma faili lako lote," akasema. "Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikumtuma mtu."

Akachukua glasi moja rafuni. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaipapasa kwa dole gumba pale penye kofia nyekundu. Akatoa kisu kidogo, akaanza kuikwangua.

"Mkaguzi, hiyo ni kazi ya mikono ya mume wangu."

"Ni kazi nzuri," akasema, akaendelea kukwangua.

Rangi ikatoka kwa vipande. Chini ya ukingo wa kofia kulikuwa na tarakimu ndogo zimechongwa kwenye kioo.

"Hebu nisomee, mama. Macho yangu siku hizi."

Macho yake hayakuwa na tatizo lolote. "Sifuri nukta nne," nikasoma.

"Na ubao wa nje?"

Akachukua glasi ya pili, akakwangua. Ya tatu. Ya tano akaacha.

Nikamgeukia mdogo wangu. Nilitegemea aseme, dada, nimekosea, nilidhani. Niko tayari kuapa kwamba angesema hivyo tu ningesimama mbele yake na kupokea adhabu yote, kama nilivyokuwa nikipokea fimbo zake tulipokuwa wadogo.

"Mdogo wangu, sema."

Akaweka kikombe chini. Akatia mikono kwenye mifuko ya koti.

"Mkaguzi, mimi ni mgeni hapa. Nimekaa nje miaka kumi na moja. Kule kila nchi ina kipimo chake, hapa mnatumia kipi sijui. Nilileta glasi, dada akazipima, akasema ziko sawa. Angesema hazifai, ningezirudisha siku hiyo hiyo. Kipimo ni chake. Picha ile pale ni yake."

Hakupepesa. Maneno yalitoka yamepangwa, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi kwenye kioo.

Niliumia, jamani. Nimembeba mgongoni huyu. Nimemfundisha kufunga kamba za viatu. Nimempigia magoti kwa Mzee. Na yeye ananawa mikono mchana kweupe, mbele yangu, chai yake bado ina mvuke.

Lakini hata hapo nilikuwa na tumaini moja.

"Mkaguzi, nilizipima kweli," nikasema. "Na zilijaa lita."

"Mia nne mara mbili ni mia nane, mama. Haziwezi."

"Zilijaa mbele ya watu thelathini."

"Kwenye nini?"

"Kwenye jagi langu. Lina muhuri wenu."

Nikaenda kabatini karibu nikimbie. Niliona hapo ndipo patakapokatwa maneno: kama jagi linasema lita, basi tarakimu zile zimekosewa kiwandani, na mdogo wangu ni mwoga tu, siyo mwizi, na wale wote walionipigia makofi walikuwa sahihi. Nikaliweka jagi mbele ya mkaguzi kwa mikono miwili.

Akaushika muhuri. Akauangalia kwa lenzi, akavuta waya.

"Muhuri ni wetu. Haujaguswa."

Nikavuta pumzi. Mdogo wangu nilimwona akitazama viatu vyake.

Mkaguzi akajaza kopo lake la shaba maji mpaka mdomoni. Lita moja kamili, akasema. Akaanza kumimina kwenye jagi. Maji yakapanda, yakaufikia mstari mweupe. Na kopo lilikuwa bado lina maji.

Akaendelea kumimina. Maji yakaupita mstari. Yakaupita kidole kimoja, yakaupita vidole viwili, ndipo kopo likaisha.

Nilisikia bomba linadondosha tone kwenye trei.

"Njoo uone," mkaguzi akasema. Akaliinamisha jagi kwenye mwanga. Juu, pale maji yalipokomea, kulikuwa na duara hafifu lililofifia, na mikwaruzo myembamba kandokando. "Mstari wa zamani ulikuwa hapa. Umekwanguliwa kwa wembe, ukachorwa mwingine chini yake. Muhuri unalinda jagi lisibadilishwe, mama. Rangi hauilindi."

"Haiwezekani. Jagi linakaa kabatini."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi peke yangu."

Nilipoyasema ndipo nikayasikia. Mdogo wangu naye akayasikia, akanyanyua uso.

"Si mnaona wenyewe," akasema taratibu.

Mkaguzi akatoa fomu kwenye sanduku, akainyoosha kwenye kaunta, akaweka kalamu juu yake. Alinionyesha mstari mmoja katikati ya ukurasa: *Aliyebadilisha kipimo.*

"Sheria inataka jina hapa. Ukimjua, mwandike. Usipomjua, naandika la msimamizi. Likiwa la msimamizi, hiyo picha inashuka leo, na Jumatatu unasimama mahakamani. Kuharibu jagi lenye muhuri wa serikali ni miezi sita ndani. Mimi sipendi, lakini ndivyo ilivyo."

Nikamwangalia mdogo wangu. Nilitaka awe yeye. Kwa mara ya kwanza maishani niliomba mdogo wangu awe mhalifu kamili, peke yake. Lakini huyu hawezi kupiga mstari ulionyooka hata umpe rula. Shuleni mimi ndiye niliyekuwa namchorea jedwali.

Nikaliangalia jagi tena.

Ulikuwa mstari mzuri. Umeuzunguka mviringo wa kioo bila kutetemeka, unene ule ule mwanzo hadi mwisho. Ila pale ulipokutana, chini ya mkono wa jagi, kulikuwa na kimkia. Kidogo, kimeshuka chini, urefu wa ukucha wa mtoto mchanga.

Kimkia kile nakijua. Mume wangu alianguka kutoka kwenye ngazi akiwa kijana, kifundo cha mkono kikaunga vibaya. Anapiga mstari vizuri kuliko mtu yeyote, lakini akifika mwisho akainua brashi, mkono unashuka kidogo kwanza. Kipo kwenye bango la kinyozi, kwenye duka la dawa, kwenye shule ya udereva. Kipo kwenye ubao wetu wa nje, chini ya neno LITA. Tangu mwaka ule wa ubao namtania, Baba Pacha, mistari yako ina mikia kama mijusi.

Msumari wa chumbani, siku nne, wembe uliosimama shavuni. *Na mstari wakauona?*

Nikashika ukingo wa kaunta. Huyu wa koti ni ndugu yangu, ameniuza, nitalia yataisha. Lakini yule nalala naye. Ndiye aliyeniambia nisilitoe jagi, kwa sauti ya upole, na mimi nikamletea taulo.

"Umemwahidi nini?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Nani?"

"Shemeji yako."

Nadhani mpaka pale alikuwa anaamini sitajua.

"Muulize mwenyewe, dada. Kule wachora mabango wanatafutwa. Ndege yake ni keshokutwa." Kisha akaongeza, kama mtu anayenipunguzia mzigo, "Alisema angekuambia."

Keshokutwa. Shati jeupe, picha ya kitambulisho, nafurahi kukufahamu. Na mimi ningeamka Alhamisi nikute msumari una ufunguo na kitanda kina nafasi.

Mlango ukafunguka, na hakuhitaji kuitwa. Nadhani aliliona gari la ofisi ya vipimo nje. Alisimama pale, shati jeupe limepigwa pasi, brashi nyembamba imechomoza mfukoni kama kawaida yake. Hatembei bila brashi. Akamwona mkaguzi. Akaliona jagi, na maji yaliyosimama juu ya mstari. Kisha akaniangalia mimi.

Akatikisa kichwa kidogo, mara moja. Wale waliooa na kuolewa wanaijua ile. Alikuwa ananiomba.

"Mama," mkaguzi akasema, akinisogezea kalamu. "Unamjua aliyechora mstari huu?"

Nikaichukua kalamu. Nikaiweka chini tena.

"Mkaguzi, nipe dakika mbili kabla hujaandika."

"Mbili tu."

Nikainama chini ya kaunta. Kopo la rangi nyekundu lilikuwa bado lipo, lile la kuchorea kofia. Nikalifungua kwa kijiko. Nikachukua glasi moja ambayo haijakwanguliwa, nikaiweka kando ya jagi.

"Baba Pacha," nikasema, "njoo mara moja. Mchoree mkaguzi mstari mmoja kwenye hii glasi. Uizunguke yote."

"Mstari wa nini?"

"Wa kawaida tu. Kama unavyochora siku zote."

Mdogo wangu akatoa mikono mifukoni. Mkaguzi akamtazama mume wangu, akanitazama mimi, akachukua lenzi yake. Alilivuta jagi karibu yake polepole.

Angekataa, angekuwa amejibu. Akaja. Akatoa brashi mfukoni, akaichovya, akaipangusa kwenye ukingo wa kopo mara mbili, kama anavyofanya siku zote. Alipokuwa ameinama aliniambia kwa sauti ambayo ni mimi tu niliyeisikia, "Mama Pacha, kwa nini unanifanyia hivi?"

Ananiuliza mimi.

Akaanza. Mkono haukutetemeka. Mstari mwekundu ukaizunguka glasi, umenyooka, unene ule ule. Mkaguzi alikuwa ameinama mpaka pua yake inakaribia kugusa kioo. Mstari ukapita upande wa pili, ukarudi kwetu, ukakaribia ulipoanzia.

Ikabaki nafasi ya kidole kimoja ukutane. Hapo brashi ikasimama. Mume wangu alijua akiiinua tu mkono utashuka; bila kuinyanyua kwenye kioo, akageuka akamwangalia mdogo wangu.